Kipupwe cha Vanga: Historia Iliyobaki Uani

Julai iliyopita nilimpelekea bibi yangu historia ya kwao. Ilikuwa makala ya Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, kuhusu mji wa kale wa Vumba, iliyotoka mwaka 1900. Niliichapisha Mombasa kwenye saiba, nikaitia ndani ya begi, nikavuka feri ya Likoni na kupanda matatu. Tukapita Ukunda, Msambweni, Ramisi. Lungalunga nikachukua bodaboda ya kushuka Vanga, upepo ukinipiga kifua mpaka meno yakagongana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sweta yako iko wapi?"

Sikuja nayo. Nani hubeba sweta kwenda Pwani? Bibi alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, leso kiunoni na leso nyingine mabegani, juu yake amevaa sweta ya marehemu babu. Akanitupia leso ya tatu, nami nikajifunika na kuanza kumsomea, nikitafsiri polepole. Nilimsomea majina ya Madiwani wa Vumba, vita walivyopigana, siwa na ngoma, ada za kumtawaza Diwani mpya. Magofu ya Vumba Kuu hayako mbali na hapo, na Wavumba waliohama wakaenda kukaa Wasini na Vanga. Kwa hiyo nilidhani nimemletea zawadi. Bibi alisikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, akitikisa kichwa kwa majina anayoyajua. Nilipomaliza, akauliza swali moja.

"Na kusi walikuwa wakifanya nini?"

"Nani, bibi?"

"Hao watu wako. Kusi ikivuma, bahari imechafuka, hakuna anayetoka. Walikuwa wakifanya nini?"

Nikafungua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na jibu.

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi pengine unaujua Julai kwa ukungu wa asubuhi na koti zito. Ukiwa Dar au Mombasa pengine hujawahi kufikiri kwamba Pwani ina majira ya baridi. Inayo, na yana jina: kipupwe. Ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, baada ya mvua za masika, ambazo sisi huku tunaziita mvua za mwaka. Kipimajoto hakitakutisha. Usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi, mchana hufika 27 au 28, wakati mwezi wa Machi joto hupita 32. Lakini baridi ya huku haipimwi kwa nyuzi peke yake. Inapimwa kwa upepo. Kusi huingia kuanzia Aprili, na ikifika Juni na Julai inavuma mfululizo, inainua mawimbi nje ya mwamba, na vyombo vidogo vinavutwa juu ufukoni. Mvuvi wa ngalawa anabaki kwenye hori na mikokoni, au anabaki kwake. Kwa Mzungu majira ya kukaa ndani huletwa na theluji. Kwa mtu wa Vanga huletwa na bahari iliyofungwa.

Na hapo ndipo swali la bibi linapouma. Historia ya Pwani tunayoisoma shuleni, karibu yote, imeletwa na wageni, na wageni waliletwa na kaskazi. Upepo huo huanza Novemba au Desemba na kuisha Machi, na ndio uliosukuma majahazi ya Arabuni na Bara Hindi mpaka kwetu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 kwa safari ya namna hiyo, akashuka kutoka Mogadishu kuelekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Na mpaka leo tunamnukuu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 7, 1498, akaenda Malindi, na Aprili 24 akang'oa nanga kwenda Bara Hindi, kusi ndiyo kwanza inaanza. Wafanyabiashara wengine walifanya vivyo hivyo: waondoke mapema kusi ikiwa changa, au wangoje mpaka Agosti na Septemba ikipoa. Katikati ya kusi hakuna aliyetaka kuwa baharini, na bandari nyingi za magharibi ya Bara Hindi zilifungwa na mawimbi hayohayo.

Basi fikiria kitabu ambacho kila mwaka kinachanwa kurasa za Juni, Julai na Agosti. Hizo ndizo kurasa zetu. Mgeni ameondoka, kalamu imeondoka naye, na mji umebaki na watu wake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliponaje mgeni akishakwenda? Alikula nini?

Ukisoma kwa makini, wageni wenyewe wameacha dalili. Ibn Battuta, pamoja na haraka yake, alitaja kwamba Mombasa kuna ndizi, ndimu na zambarau, na kwamba chakula kikuu cha watu ni ndizi na samaki. Da Gama na watu wake walipotia nanga, mfalme wa Mombasa aliwatumia kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Kwenye vitabu zawadi hizo ni sehemu ya hadithi ya ujanja wa kisiasa, nani alikuwa akimtega nani. Nilipomwambia bibi, yeye aliliona jambo jingine papo hapo: "Machungwa Aprili? Basi huyo mfalme alikuwa na mtu anayejua miti." Kwetu chungwa ni tunda la kipupwe, kama embe lilivyo tunda la kaskazi. Iwe ni aina nyingine ya mti au utunzaji mwingine, ndani ya kapu lile kulikuwa na kazi ya mtu: aliyepanda, aliyemwagilia, aliyepogoa. Hatujui jina lake, na siku ya kupeleka zawadi pengine hakuwa hata ufukoni.

Tuliamka kesho yake kukiwa na manyunyu ya mchoo, zile mvua nyepesi za Julai zinazopita kama mtu aliyesahau kitu. Bibi alinipa jembe dogo na kunitembeza bustanini kwake. Bustani ni neno kubwa. Ni ua wa nyuma ya nyumba wenye ukuta wa makuti, hatua 20 kwa 15 hivi. Lakini nilikuwa nimeshashikwa na swali lake, kwa hiyo kila mmea nikauangalia kama karatasi ya kumbukumbu.

Kunde na bamia ni za Afrika, za tangu na tangu. Mchunga, ule mboga mchungu ambao Wadigo na Wagiriama hawaachi kuula, ni wa hapahapa. Migomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ikavuka bahari zamani mno kabla ya mtu yeyote kuandika habari zetu. Mndimu nao ulitoka Asia. Kisha kuna kundi jingine: mpapai, pilipili, muhogo, mahindi, mpera, mkanju. Yote hayo ni mimea ya Amerika, yaani hakuna hata mmoja uliokuwepo Pwani kabla Wareno hawajaanza kupita. Majina yenyewe yanasema. Kanju na pera ni maneno ya Kireno yaliyokaa mpaka yakasahau kwao. Mahindi yana jina la Bara Hindi, ingawa hayakuzaliwa huko. Wenyeji waliupa mmea jina la upande walikozoea kuona vitu vizuri vikitokea.

"Basi watu wa Vumba walikula sima ya nini?" bibi akauliza.

"Mtama. Uwele. Na wali."

Akanyamaza. Kwake sima ya mahindi ni chakula cha mababu. Kumbe kuna mababu ambao wangeiangalia sahani yetu wasijue ni nini. Mtu mmoja alipata mbegu ngeni, pengine akiwa na mashaka nayo, akaitia kwenye kona ya ua wake msimu mmoja, akaona. Mapinduzi ya chakula cha Pwani nzima yalipita kwenye nyua kama hizi, na hayana tarehe wala mnara.

Wanaume walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, na hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika. Kaskazi mwanamume wa Vanga ni mtu wa bahari. Huja na Wapemba pia, wanaokwenda dago na kupiga kambi zao ufukoni kufuata samaki. Kusi ikishika, mwanamume huyohuyo yuko barazani. Anashona nyavu. Anakalafati mashua, anaziba nyufa kwa pamba na kupaka sifa ili chombo kiwe tayari. Anapanda juu ya paa kubadilisha makuti yaliyooza kwa mvua za mwaka. Jioni anacheza bao. Wanawake wanasuka ukili na kushona mikeka, wanavuna mahindi na kunde zilizopandwa mvua zilipoanza, na maji yakipwa wanakwenda kutanda uduvi. Kitoweo ni ng'onda na papa mkavu walioanikwa jua la kaskazi. Asubuhi ni chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Usiku watu hukaa jikoni, kwa sababu ndiko kwenye moto.

Nilimwambia bibi kuwa inapendeza, familia nzima pamoja. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Inapendeza wiki ya kwanza. Wiki ya pili keshaanza kukuuliza chumvi umetia ngapi." Babu, aliniambia, kila kipupwe alikuwa akihamisha kitu uani: mtungi wa maji, banda la kuku, mara kitanda cha mchicha, bila kuulizwa. Lakini mndimu aliupanda yeye, na yeye ndiye aliyewafundisha watoto wake kuhesabu bao, kupiga mafundo ya wavu na kusoma nyota. Miezi mingine hakuwepo. Ukitaka kujua baba wa Kivumba alimfundisha mwanawe saa ngapi, jibu ni kipupwe.

Nyota nilizozisikia kwake kwanza ni Kilimia. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ndivyo wazee walivyojua mwaka umegeuka. Na hapa kuna jambo ambalo lilinifurahisha kuliko mengine yote niliyosoma. Waswahili walikuwa na mwaka wao wa jua, mbali na ule wa Kiislamu wa mwezi. Ulihesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Miongo 36 hufanya siku 360, ukiongeza siku 5 unapata 365. Siku ya kwanza huitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Wakulima na mabaharia walipangia mambo yao hapo.

Edward Steere, askofu aliyekaa Zanzibar, aliieleza sikukuu hiyo katika kitabu chake cha lugha kilichotoka mwaka 1870. Watu walioga baharini usiku, hasa wanawake. Moto wote ulizimwa majumbani, kisha ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Na chungu kikubwa cha nafaka na kunde kilipikwa, mchana kikaliwa na yeyote aliyependa kuja. Nilipofika hapo bibi aliacha kuchambua mchicha. "Hiyo si pure?" Pure ni mahindi na maharagwe au kunde, chakula ambacho watu wa bara wanakiita githeri. Siwezi kusema chungu cha Steere ndicho chungu cha bibi. Lakini kipupwe kilipoanza, yeye alikuwa tayari ameshapika mara tatu, kwa sufuria kubwa isiyolingana na watu waliomo ndani.

Wakati wa Steere sikukuu hiyo iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako Mwaka Kogwa bado unafanywa kwa nguvu, watu wakipigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti, sherehe iko Julai. Hakuna aliyeihamisha. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauna siku ya ziada kila miaka minne, kwa hiyo kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja. Miaka 150 inatosha kuurudisha zaidi ya mwezi. Zamani za Steere mwaka mpya ulikuja bahari ikikaribia kufunguka, wakati wa demani, ambapo baharia anafungasha. Sasa unakuja katikati ya baridi, baharia akiwa bado anashona wavu. Kwa hesabu ya wazee wetu, tunaishi katika karne ambayo mwaka unaanzia nyumbani.

Hata mpaka wa nchi ulichorwa na watu walioitazama Vanga kutoka baharini. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana sehemu hii, zilianzia mdomoni mwa mto Umba, ulioandikwa pia mto Wanga, zikavuta mstari kuelekea Ziwa Jipe na mpaka Ziwa Victoria. Mto ule unatoka milima ya Usambara, unaleta maji na tope la kulimia, na kwenye mabonde yake watu hulima mpunga. Kwa aliye melini, mdomo wa mto ni alama nzuri ya ramani. Kwa aliye uani, mto ni shamba. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu huku wenye nyumba nchi moja na shamba, au shangazi, nchi ya pili, na wakati wa mavuno wanavuka na magunia yao kama walivyofanya waliowatangulia.

Siku ya tatu nilimpigia simu binamu yangu nimwambie nipo Vanga, aje tukae. Hakuweza. Anafanya kazi hotelini Diani, na Julai na Agosti ndiyo wakati wageni wa Ulaya wako likizo ya kiangazi. Hakuna ruhusa. Nikaangalia baraza, nikaona lina wazee wawili na paka. Miezi ambayo zamani iliwarudisha wanaume nyumbani ndiyo sasa inayowachukua vijana wote, wa kike na wa kiume, kwenda kuwatandikia vitanda watu waliokuja kupumzika. Sisemi ni vibaya. Mshahara wake ndio ulionunua bati la jiko la bibi. Lakini nani anafundishwa mafundo ya wavu sasa, na saa ngapi?

Kusi yenyewe haijabadilika njia. Ikitupita sisi inapanda na Bahari ya Hindi, inafika Dhofar kule kusini mwa Oman na kuwa msimu wa kharifu. Milima ya Salalah inageuka kijani, na familia za Muscat, wakiwemo wale wanaoongea Kiswahili nyumbani kwao, wanafunga safari ndefu kwenda tu kukaa kwenye manyunyu na kunywa chai. Kisha inafika Bara Hindi na kuwa mvua zinazolisha mamilioni. Wenzetu wameujengea upepo huu sikukuu na hoteli. Sisi tumebaki kusema "baridi imeingia" na kufunga dirisha.

Mndimu wa babu umekufa. Bibi alinionyesha kisiki siku ya mwisho, bila maneno mengi. Maji ya bamvu kubwa yalipanda mpaka uani miaka miwili nyuma, yakakaa usiku mmoja, na chumvi ikabaki. Vanga iko chini, na bahari inaingia mjini mara kwa mara. Upande wenye mikoko mizuri hupata afueni, na wenyeji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu sasa wanalinda takriban hekta 460 za mikoko kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, wakilipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa humo. Bibi anaunga mkono. Anasema mkoko ni ua wa mji, kama makuti yalivyo ua wa nyumba. Lakini mchicha wake siku hizi anaupanda ndani ya madebe na sufuria zilizotoboka, ameyainua juu ya matofali. Watoto wake wanamwambia ahamie Lungalunga kwenye mwinuko. Yeye anasema atafikiri kusi ikiisha.

Jumba la mawe likianguka linaacha gofu, na siku moja mtafiti atakuja na mwiko wake mdogo kulichimba. Ua ukiingia chumvi hauachi kitu cha kuonyesha. Usipoandikwa na mtu aliyekaa ndani yake Julai, hautaandikwa.

Kwa hiyo usiku ule nilizichukua zile karatasi za Hollis. Nyuma zilikuwa tupu, saiba walichapisha upande mmoja. Tukakaa jikoni karibu na moto, mimi na kalamu, bibi na kikombe chake cha mchaichai. Nikamwambia tuanze na chochote anachotaka. Nilidhani ataanza na babu, au mndimu.

"Andika mchunga," akasema. "Andika kwamba hauchumwi mchana, unachumwa umande haujakauka. Halafu andika kwamba maji ya kwanza unayachemsha na kuyamwaga. Wa mjini hamjui hilo, ndiyo maana mnasema ni mchungu."